Protini kwenye mkojo: "plasi mbili" maana yake nini?

Wagonjwa wengi wa kisukari hufika kliniki ya figo na karatasi ya maabara mkononi. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kuona kama figo zinachuja vizuri, iko sawa, lakini kwenye majibu ya mkojo pameandikwa "Protini ++". Swali huwa lile lile: daktari, figo zimekufa?

Hapana, ila karatasi hiyo usiitupe. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja. Vikiwa vizima, hupitisha maji na taka na kuiacha albumini, protini kuu ya damu, ibaki kwenye mishipa. Kisukari na presha vikivichakaza, albumini huanza kuvuja, mara nyingi kabla kreatinini haijapanda, na mwenyewe haumwi popote. Kwa hiyo kreatinini nzuri peke yake hainitoshi.

Kijiti cha kupimia mkojo nacho kina udhaifu wake. Usipokunywa maji ya kutosha, mkojo huwa mzito na plasi huonekana kubwa kuliko hali ilivyo. Ukinywa maji mengi kabla ya kupima, tatizo linaweza kujificha. Homa, mazoezi mazito, maambukizi ya njia ya mkojo na damu ya hedhi pia huvuruga majibu. Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini, ikiwezekana kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini ni kawaida. Zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Kipimo hurudiwa, na albumini ikibaki juu kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Mjamzito asisubiri kurudia. Baada ya wiki ya 20, protini pamoja na presha ya juu ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine hukimbilia kuacha maharage na mayai wakidhani ndiyo yanayotokea kwenye mkojo. Siyo. Kinachosaidia ni kudhibiti sukari na presha, na dawa za presha kama enalapril au losartan ambazo pia hupunguza uvujaji. Daktari ndiye huziandika, na mjamzito hazitumii. Na diklofenaki za kununua dukani kila mgongo ukiuma, hizo ziache: huumiza figo zilizokwisha kuchoka.

Mwenye kisukari aina ya pili apimwe mkojo tangu anapogundulika, kisha kila mwaka.