Mkono Uliolegea Katika Mazoezi ya Vidole ya Piano

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu wakiwa tayari wamepiga piano kwa miaka michache huleta malalamiko yanayofanana: wanafanya mazoezi ya vidole kila siku, vidole haviwi vyepesi, na baada ya dakika chache kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, huanza kukaza na kuwaka. Karibu wote wamekwisha kuambiwa walegeze mkono. Ushauri huo ni sahihi, lakini ukitolewa hivyo hivyo haumsaidii mtu, kwa sababu mkono uliolegea kabisa hauwezi kupiga noti hata moja. Huteleza tu kutoka kwenye vibonye na kuangukia mapajani. Ninachofundisha mimi ni kwamba kulegea kuna wakati wake: msuli hukaza kwa muda mfupi unaohitajika ili noti ilie, kisha huachia papo hapo, kabla ya noti inayofuata. Mazoezi ya vidole huwa na faida pale yanapotumika kufundisha huko kuachia, na yasipotumika hivyo hufundisha ukakamavu kwa bidii ile ile.

Sababu ya kwanza imo ndani ya piano yenyewe. Kibonye hushuka takriban milimita 10, na kwenye piano iliyorekebishwa vizuri uzito wa gramu 50 hivi unatosha kukishusha polepole. Muda mfupi kabla kibonye hakijagota chini, mtambo huachia kinyundo, nacho hurukia nyuzi bila kusukumwa tena. Tangu hapo kidole hakina uwezo wowote juu ya sauti iliyokwisha kutoka, isipokuwa kuamua ikatwe lini. Nguvu yote inayoendelea kukandamiza baada ya kinyundo kuondoka huishia chini ya kibonye na kurudi kwenye maungio ya mpigaji. Msikilizaji haisikii, na mkono ndio unaoilipia. Ukikumbuka kwamba mkono mzima wa mtu mzima una uzito wa kilo kadhaa, utaona kwamba tatizo si upungufu wa nguvu. Ndiyo maana siyapendi maneno ya kuimarisha vidole, ingawa yamezoeleka sana katika vitabu vya mazoezi. Kinachokua kwa mazoezi mazuri ni utaratibu wa misuli kukaza na kuachia kwa zamu.

Sababu ya pili imo ndani ya mkono. Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Misuli hiyo imo kwenye kiganja na, kwa sehemu kubwa zaidi, kwenye kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Ile ya upande wa ndani huvikunja, na ile ya upande wa nje huviinua. Makundi haya mawili yakikaza kwa wakati mmoja, kila moja hufanya kazi dhidi ya mwenzake: kidole husogea kwa shida, sauti hutoka ngumu, na uchovu huja haraka. Anayeinua kidole juu na kukishikilia hewani huku akijiandaa kukishusha kwa nguvu anajiweka katika hali hiyo hiyo bila kujua.

Kuna jambo jingine la kimaumbile ambalo kila mpigaji angefaa kulijua mapema. Kano zinazoinua kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zimeunganishwa kwa mikanda midogo nyuma ya kiganja, na kidole cha pete, tofauti na cha shahada na cha mwisho, hakina msuli wake wa ziada wa kukiinua. Weka kiganja juu ya meza, kunja kidole cha kati ndani chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Hakitainuka ila kidogo sana, na hakuna idadi ya mazoezi itakayobadilisha jinsi kano zilivyofungwa. Kwa hiyo yale mazoezi yanayomtaka mwanafunzi ashikilie vibonye vinne chini huku akipiga cha tano mara nyingi kwa kidole cha pete huwa siyatoi kwa anayeanza, na hata kwa waliobobea huyatoa kwa dozi ndogo, kwa sauti ya chini, bila kuinua kidole zaidi ya kimo cha kibonye.

Historia ya piano imejaa majaribio ya kupigana na maumbile haya. Mwaka 1814 mwalimu wa piano Johann Bernhard Logier alipata hataza ya kifaa chenye reli za kuongoza mikono na vidole vya mwanafunzi juu ya vibonye. Robert Schumann, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1830 alipata hitilafu ya kidole cha mkono wa kulia iliyomwondoa katika njia ya upigaji. Chanzo chake kinabishaniwa hadi leo, lakini inajulikana kwamba alijaribu kifaa cha kufunza kidole. Charles-Louis Hanon, mwalimu wa piano wa Kifaransa, naye katika mkusanyiko wake wa mazoezi 60 wa mwaka 1873, aliagiza vidole viinuliwe juu na kwa uthabiti. Mimi bado ninatumia mazoezi ya Hanon, kwa sababu mpangilio wake wa noti ni rahisi kukariri na huacha akili huru kuusikiliza mkono, lakini agizo hilo la kuinua vidole ninaliacha kando bila majuto.

Fryderyk Chopin, mtunzi na mpigaji piano wa Kipolandi, alielekea upande mwingine. Katika rasimu ya mbinu ya ufundishaji ambayo hakuimaliza kabla ya kufariki mwaka 1849, alipendekeza mkono uwekwe juu ya noti za E, F-shapu, G-shapu, A-shapu na B (hapa shapu ni kibonye cheusi kilicho kulia mwa kibonye cheupe chenye jina hilo), ili vidole vifupi vya pembeni vikae kwenye vibonye vyeupe na vile virefu vya kati vikae juu ya vyeusi, na aliona kwamba tofauti za vidole ni hazina isiyofaa kuharibiwa kwa kutafuta usawa wa lazima. Ninaanza na mkao huo kwa wanafunzi wa umri wote. Kwenye vibonye vyeupe vitano vya kawaida vidole virefu hulazimika kujikunja zaidi ili vilingane na gumba, na kujikunja huko tayari ni kukaza. Kwenye mkao wa Chopin kila kidole hufika mahali pake bila kulazimishwa, na kwa kuwa vibonye vya mwanzo na vya mwisho vyote ni vyeupe, mkao huo huufaa mkono wa kushoto vile vile.

Keti kwa kimo kitakachofanya kigasha kiwe karibu sambamba na sakafu. Acha mkono uning'inie kando ya mwili hadi uhisi uzito wake, kisha uinue kutoka kwenye kiwiko na uweke vidole juu ya noti hizo tano bila kuzipiga. Sasa shusha mkono kidogo kupitia kidole cha kati hadi noti ilie. Hapo hapo ilipolia, achia kila kitu isipokuwa kile kiasi kidogo kinachozuia kibonye kisirudi juu, ambacho ni kidogo kuliko kile kilichokishusha. Kwa mkono wa pili, gusa kifundo cha mkono unaopiga na ukisukume taratibu juu na chini. Kikisogea bila ubishi huku noti ikiendelea kulia, umeachia kweli. Kikigoma, usipige tena kwanza. Subiri hapo hapo hadi kilegee, kwa sababu ubongo unajifunza kile kinachofuata noti sawa na unavyojifunza noti yenyewe. Angalia pia vifundo vya vidole vilivyo mwanzoni mwa kiganja: upinde wake ubaki umesimama. Wengi wakiambiwa walegee huacha upinde huo uporomoke, na vidole vinapokosa mhimili huo kigasha hulazimika kufanya kazi maradufu.

Zoezi hilo likishatulia kwa vidole vyote vitano, pitisha uzito kutoka kidole kimoja hadi jirani yake. Kidole kinachopokea hushuka, na kile kilichomaliza huachia na kupandishwa na kibonye chenyewe kinaporudi. Hakuna haja ya kukiinua. Kigasha kigeuke kidogo sana kuelekea upande wa kidole kinachopiga, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango, ingawa kwa kiasi ambacho mtazamaji hatakiona. Kidole cha pete na cha mwisho, vinavyosingiziwa udhaifu kila siku, hupata sauti nzuri mara tu kigasha na mkono vinapokuwa nyuma yao badala ya kuviacha vipigane peke yao.

Kisha ndipo ninapofungua zoezi la kwanza la Hanon, ambalo kwa mkono wa kulia hupanda C, E, F, G, A na kurudi G, F, E, halafu huanza upya kutoka D. Hanon alitaka mwendo wa metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo ya muziki, kuanzia mapigo 60 hadi 108 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo. Mimi huanza na pigo 60 lakini noti moja tu kwa pigo, na kila pigo huwa na nafasi ya kupiga, kuachia na kukagua. Mkono mzima usogee kwa upande ili ukae nyuma ya kidole kinachopiga. Kiganja kikiganda mahali pamoja, vidole hulazimika kunyooka kuzifuata noti. Katika mkono wa kulia, nafasi pana ya mwanzo wa kila kundi huwa kati ya gumba na kidole cha shahada, ambako mkono hufunguka kwa urahisi. Katika mkono wa kushoto nafasi hiyo hiyo huwa kati ya kidole cha mwisho na cha pete, sehemu isiyopenda kutanuliwa, na hapo ndipo ninapouona ukakamavu ukianza, mara nyingi kwa mkono ambao mwanafunzi alidhani uko salama. Dawa yake ni kuachia kidole cha mwisho mara tu kidole cha pete kinapopiga, ili kiganja kirudi kwenye upana wake wa kawaida, badala ya kukiacha kimetanuka hadi mwisho wa kundi.

Gumba linahitaji jicho lake. Linapokuwa halipigi, hupenda kujibana chini ya kiganja au kujinyoosha nje kama fimbo, na hali zote mbili hukaza kifundo cha mkono. Mwambie mwanafunzi apige noti za vidole vingine vinne tu, huku gumba likigusa kibonye chake kwa wepesi bila kukishusha, na utaona ni mara ngapi linajiondoa bila ruhusa.

Kuhusu kasi, hesabu ifuatayo inasaidia. Pigo 108 lenye noti nne ni noti 432 kwa dakika, yaani zaidi ya 7 kwa sekunde, na kila noti ina takriban sehemu 14 kwa 100 za sekunde kupigwa na kuachiwa. Hakuna anayeweza kuamua kwa hiari kuachia kwa mwendo huo. Kuachia lazima kuwe tayari ni mazoea. Wala kupandisha metronomu hatua kwa hatua peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwendo wa polepole huruhusu mienendo mikubwa ambayo kwa kasi haitapata nafasi. Ndiyo maana ninatumia vikundi vifupi: noti mbili kwa kasi kamili, kisha kupumzika huku kifundo kikikaguliwa, halafu tatu, halafu tano, hadi kundi zima la noti nane lipite kwa msukumo mmoja wa mkono. Kikundi kikitoka kigumu, ninakifupisha badala ya kukirudia.

Dakika kumi au kumi na tano za namna hii kwa siku zinatosha, na ni vyema zikatwe vipande kuliko kufanywa mfululizo. Uchovu mwepesi ni ishara ya kupumzika, ilhali maumivu ni ishara ya kuacha kabisa kwa siku hiyo, hata kama mwalimu mwingine amewahi kukuambia uvumilie. Ganzi, kuwashwa kwa vidole, au kidole kinachojikunja bila kutumwa ni mambo ya daktari, na hayafai kusubiri hadi baada ya onyesho au mtihani ulio karibu.