Mtayarishaji Huru wa Filamu India: Yanayosemwa na Yalivyo

Anapotajwa mtayarishaji wa filamu huru nchini India, jina la Guneet Monga haliko mbali. Alizaliwa Delhi mwaka 1983, na kampuni yake, Sikhya Entertainment, ilianza mwaka 2008. Ukiifuata kazi yake unaona haraka wapi maneno ya mtaani yanakosea.

"Mtayarishaji ndiye mwenye pesa."

Mwenye pesa ni mfadhili. Mtayarishaji huru mara nyingi hana kitu mfukoni. Mtaji wake ni haki ya hadithi, mikataba ya mwandishi na muongozaji, na bajeti iliyopigwa mstari kwa mstari. Akiwa na karatasi hizo ndipo anaanza kubisha hodi.

Chukua The Lunchbox ya mwaka 2013, filamu aliyoshiriki kuitayarisha, iliyoongozwa na Ritesh Batra. Fedha zake zilitoka India, Ufaransa na Ujerumani, na upande wa India lilikuwemo NFDC, shirika la serikali la kuendeleza filamu lililoundwa mwaka 1975. India na Ufaransa zina mkataba wa ubia wa filamu tangu 1985. Filamu ikitambuliwa chini ya mkataba wa namna hiyo huhesabiwa ya nyumbani pande zote mbili, kwa hiyo inaweza kuomba ruzuku za kule. Lakini ruzuku za Ulaya kwa kawaida zina sharti: sehemu ya fedha itumike huko huko. Ndiyo maana kuchanganya sauti au kurekebisha rangi kunapelekwa Paris au Berlin ingawa Mumbai ni nafuu. Atakayebana matumizi kwa kumaliza kila kitu Mumbai anaweza kujikuta ameipoteza ruzuku yenyewe.

Tena fedha haziji kwa mkupuo. Awamu moja hulipwa mkataba ukisainiwa, nyingine kamera zikianza kazi, na ya mwisho filamu ikikabidhiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotesa, kwa sababu studio ya sauti haiachii kazi kabla ya kulipwa, na mfadhili halipi kabla ya kukabidhiwa. Pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa muda mfupi, dhamana yake ikiwa mkataba. Riba ya mkopo huo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kando ya asilimia 10 hivi ya dharura. Wanaoisahau hukwama filamu ikiwa imebakiza wiki mbili.

"Kumbi zikijaa, ametajirika."

Tupige hesabu. Tiketi ya rupia 236 ni rupia 200 pamoja na kodi ya asilimia 18, kwa hiyo zinabaki 200. Kwa mgawanyo uliokubaliwa mwaka 2009, baada ya watayarishaji kugoma kupeleka filamu kwenye kumbi za skrini nyingi, upande wa filamu hupata asilimia 50 wiki ya kwanza, 42.5 ya pili, 37.5 ya tatu, kisha 30. Kwa rupia 200 zile ni 100, 85, 75, halafu 60. Na hapo msambazaji hajakata komisheni yake, gharama za matangazo hazijarudi, wala ada ya maonesho ya kidijitali inayotozwa kwa kila skrini.

Mgawanyo huu unaziumiza zaidi filamu huru. Zenyewe hupata watazamaji polepole, kwa watu kuambizana, na wakati ukumbi unajaa wiki ya tatu, fungu limeshashuka. Afadhali skrini chache, katika miji inayoeleweka, kuliko skrini 300 zenye viti vitupu na ada juu.

"Filamu ya kwanza ikianguka, ndiyo basi."

Say Salaam India, filamu ya kriketi ambayo Monga alishiriki kuitayarisha kwa fedha za jirani yake, ilitoka mwaka 2007 wakati India ikitolewa mapema kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Nani angekwenda kuiangalia? Aliizungusha mashuleni, shule kwa shule, hadi deni likalipika.

"Ukishangiliwa Cannes, kazi imekwisha."

Peddlers, filamu nyingine ya Monga, ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2012, lakini haikufuatiwa na maonesho ya kawaida kwenye kumbi za India. Mwaka uliofuata The Lunchbox ilipita mlango ule ule, kitengo cha tamasha hilo kiitwacho Wiki ya Wahakiki, ikanunuliwa na Sony Pictures Classics kwa Amerika Kaskazini, na ilipoingia kumbi za India tarehe 20 Septemba ilibeba jina la Karan Johar, mtayarishaji mkubwa wa Mumbai, kama anayeileta kwa watazamaji. Tamasha linaleta wanunuzi tu. Msambazaji wa nyumbani unamtafuta mwenyewe.

Bodi ya ukaguzi nayo bado inakusubiri. Tangu Aprili 2021 baraza la rufaa la filamu limefutwa, kwa hiyo asiyekubali vipande vya filamu yake kukatwa huenda Mahakama Kuu, na wakili aingizwe kwenye bajeti.

"Filamu bora ndiyo inayopelekwa Oscar."

Kwa filamu ndefu ya kuiwakilisha India, anayechagua ni kamati ya Shirikisho la Filamu la India, na mwaka 2013 ilichagua The Good Road, si The Lunchbox. Filamu fupi za hali halisi hazipitii kamati hiyo. Humo, sanamu za Oscar huenda kwa watu wasiozidi wawili: mwaka 2019 filamu iitwayo Period. End of Sentence. ilishinda, Monga akiwa mtayarishaji mtendaji, na zilipokelewa na wengine. Mwaka 2023, kwa The Elephant Whisperers, nafasi hizo mbili zilikuwa za muongozaji Kartiki Gonsalves na yeye.