Kulala hoteli kongwe ya bei nafuu: mkarabati anakueleza jengo linavyofanya kazi

Kazi yangu ni kukarabati majengo ya zamani, na nikisafiri nalala hoteli kongwe za bei ya chini, zile ambazo bafu mnashea mwisho wa korido, lifti hakuna, esi hakuna, soketi ni moja tu na iko nyuma ya kabati. Watu wananiuliza kwa nini najitesa. Mbona nalala vizuri tu! Mgeni anayekesha mle mara nyingi ni yule anayelitumia jengo la zamani kama vile ni jipya.

Tuanze na bafu maana ndiyo malalamiko namba moja. Hoteli ya Tremont House kule Boston, Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1829 ilisifika kwa kuwa na vyoo ndani ya jengo, na vilikuwa vinane tu, vyote ghorofa ya chini. Bafu kwa kila chumba, kwa mtu wa kipato cha kawaida, ilikuja kushika kasi baada ya mwenye hoteli mmoja, Ellsworth Statler, kufungua hoteli yake mjini Buffalo, huko huko Marekani, mwaka 1908, na ujanja wake ulikuwa kwenye mabomba: bafu za vyumba viwili zinapeana mgongo, halafu bomba zote zinapita kwenye njia moja ya wima kutoka chini hadi juu. Sasa jengo lililotangulia hapo halina hiyo njia, kwa hiyo mwenye hoteli akitaka kila chumba kiwe na choo chake fundi analazimika kutoboa boriti za mbao zinazobeba sakafu, na mimi nimeshaitwa mara kadhaa kuokoa sakafu zilizobonyea kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kweli bafu la kushea lililo safi nalipenda kuliko kile kibafu cha kubana kilichochomekwa kwenye kona ya chumba.

Maji ya moto yakichelewa usikate tamaa, boila iko mbali na yaliyolala kwenye bomba yamepoa, lazima yatoke kwanza. Ila kama bafu lilikaa siku nyingi bila kutumika, fungua maji ya moto na ya baridi, toka nje, subiri dakika chache ndo uingie. Kuna bakteria anaitwa Legionella, anapenda maji yaliyotuama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, na unamvuta kwa pumzi kwenye vile vitone vidogo vya shawa vinavyoelea hewani. Alijulikana baada ya mlipuko wa ugonjwa hotelini Philadelphia mwaka 1976.

Halafu joto, hapa ndipo majengo haya yananifurahisha sana jamani. Dari liko juu ili hewa ya moto ipande ikuache wewe chini. Dirisha la kusukuma juu na chini lina vipande viwili na watu wanafungua cha chini peke yake, wakati ulitakiwa ushushe kidogo kile cha juu pia, moto utoke juu na baridi iingie chini. Kama kuna kidirisha juu ya mlango kifungue, hewa ipite hadi korido. Ukuta mnene wenyewe unakunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo jua likiwaka funga madirisha na mapazia, jioni hewa ikipoa fungua kila kitu. Wengi wanafanya kinyume chake.

Umeme ni wa kuuonea huruma, waya nyingi ziliwekwa kabla ya vifaa vyetu hivi. Chaja haina shida, lakini birika la umeme na draya ya nywele kwenye ekstensheni moja, hapana. Kuhusu kelele, omba chumba cha ghorofa ya juu kilicho mbali na ngazi, basi.

Kitu nisichosamehe ni moto. Ngazi nzuri ya wazi katikati ya jengo, ile kila mtu anaipiga picha, moto ukizuka inageuka bomba la moshi na kuupeleka kila ghorofa kwa dakika chache. Kwa hiyo kabla ya kufungua begi natafuta njia ya pili ya kutokea, nahesabu milango kutoka chumbani kwangu hadi pale ili hata gizani niifikie kwa kupapasa, na mlango naujaribu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikuta umepigwa kufuli narudisha ufunguo mapokezi na kuondoka, hata iwe saa sita usiku.