Majani Yaleyale, Mmeng'enyo Tofauti: Kinachotokea Rumenini mwa Kondoo

Ukiniuliza majani fulani makavu humeng'enywa na kondoo kwa asilimia ngapi, nami nitakuuliza: anakula na nini?

Nyuzinyuzi, zile sehemu ngumu za majani, hazimeng'enywi na kondoo mwenyewe. Kazi hiyo ni ya bakteria wa rumeni, tumbo kubwa la kwanza, nao hawaiwezi bila nitrojeni, ambayo huipata kwenye protini. Majani yaliyokomaa mara nyingi yana protini ya asilimia 5 tu, na ikishuka chini ya 7 hivi bakteria huzorota. Chakula hukaa rumenini muda mrefu, tumbo hubaki limejaa, na kondoo hukonda mbele ya hori lenye majani tele.

Tupige hesabu kwa uzito mkavu, yaani bila maji. Gramu 1,000 za majani hayo zina gramu 50 za protini. Ongeza gramu 150 za mashudu yenye protini asilimia 30, ambazo zina gramu 45 za protini. Sasa una 95 katika 1,150, yaani asilimia 8 na ushee. Kwa kiasi hicho kidogo tu majani humeng'enywa vizuri zaidi, na kondoo hula mengi zaidi. Urea nayo hutoa nitrojeni, lakini isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu, ichanganywe sawasawa na iende pamoja na chanzo cha nishati cha haraka kama molasi. Bonge moja la urea ambalo halikuvunjwa linatosha kuua.

Nafaka ndiyo huwachanganya wengi. Wanga huchacha haraka na kuzalisha asidi; pH ya rumeni, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, ikifika chini ya 6, bakteria wa nyuzinyuzi hulegea. Ukitazama mmeng'enyo wa mlo mzima utaona umepanda, kwa sababu nafaka yenyewe humeng'enyeka kwa urahisi, kumbe ule wa nyuzinyuzi umeshuka. Ndiyo maana siridhiki na tarakimu moja ya jumla.

Mimi huona kusaga nafaka ya kondoo ni kujitafutia kazi. Tofauti na ng'ombe, kondoo hutafuna punje nzima vizuri, na wanga wake hutoka polepole. Anza na gramu 50 hadi 100 kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki 2 hadi 3, na majani marefu yasikosekane: ndiyo yanayomfanya acheue, na mate ya kucheua hupunguza asidi. Kinyesi kikiacha kuwa vigololi na kuwa uji wenye harufu ya uchachu, rudi nyuma.

Mafuta yasizidi asilimia 5 au 6 ya chakula kikavu, la sivyo nayo hukwamisha nyuzinyuzi.

Kupima mmeng'enyo si kugumu, ila kunataka subira. Mlishe kondoo mlo uleule siku 10 hadi 14, kisha kwa siku 5 hadi 7 pima anachopewa, anachobakiza na kinyesi chote, vyote vikiwa vimekaushwa. Akila gramu 1,200 na kutoa kinyesi cha gramu 540, zimemeng'enywa 660, yaani asilimia 55. Kosa la kawaida liko kwenye mabaki: kondoo huchagua majani na kuacha vijiti, kwa hiyo mabaki yana protini kidogo kuliko chakula ulichoweka. Usipoyapima peke yake maabara, utaandika kwamba amekula protini kidogo kuliko aliyokula kweli.