Mfu anaweza kuwa druidi? Dhana potofu kuhusu wafu na uchawi wa asili

Katika kila kundi linalocheza gemu za kuigiza wahusika, hakosi mtu atakayekuja siku moja na wazo hili: mhusika wangu alishakufa, akafufuka, na sasa ni druidi, yaani mchawi anayepata nguvu zake kutoka kwa misitu, mvua na wanyama. Na hakosi mwingine wa kumkatiza kabla hajamaliza: haiwezekani, wafu na asili hawaivi chungu kimoja. Anayekatiza ana haki yake. Tatizo ni kwamba hoja zinazotolewa kwa sauti kubwa ndizo dhaifu, na ile moja yenye uzito karibu haitajwi kabisa.

Dhana: Asili ni uhai, na mfu hana uhai

Anayesema hivi hajautazama mti vizuri. Maji hupanda kutoka mizizini hadi majanini kupitia mirija ambayo seli zake huanza kazi hiyo zikishakufa na kubaki kuta tupu. Mbao ngumu ya katikati ya shina, ile anayoitafuta fundi wa milango, ilishakufa zamani. Kinachounenepesha mti ni tabaka jembamba lililo chini tu ya gome. Mvule mkongwe, kwa sehemu kubwa, ni mfu aliyesimama akiwa amevaa ngozi hai. Miamba ya matumbawe nayo ni hivyo hivyo: viumbe hai wako juu juu, na chini yao ni chokaa iliyoachwa na vizazi vilivyokufa. Nyangumi akifa na kuzama kwenye kina kirefu, mzoga wake huweza kulisha jamii nzima ya viumbe kwa miongo kadhaa.

Mtu akiniambia asili yote ni uhai na maua, najua anazungumzia bustani ya hoteli. Msituni kazi kubwa iko mikononi mwa waozeshaji: kuvu, bakteria, mchwa, mende wa mizoga. Wao wakigoma, majani makavu yanarundikana na miti inakosa chakula.

Waandishi wa Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, waliliona hilo mapema kuliko wachezaji wao wengi. Mwaka 2018, katika kitabu cha kuchezea ndani ya jiji la kubuni la Ravnica, walileta madruidi wa Circle of Spores, na mwaka 2020 wakawarudisha katika Tasha's Cauldron of Everything. Druidi wa kundi hili akifika leveli ya 6 anaweza kuzitumia spora zake, yaani vumbi la uzazi la kuvu, kumwinua mtu au mnyama aliyefia karibu naye. Maiti hiyo inasimama kama zombi mwenye pointi moja tu ya uhai, inatembea kwa saa moja, basi. Hakuazima uchawi huo kwa wachimba makaburi; ni sehemu ya udruidi wake, kwa sababu kwake uozo ni kituo cha safari kama vituo vingine. Na anayedhani hilo limetungwa hewani aende akasome kuhusu kuvu wa jenasi ya Ophiocordyceps. Humwingia sisimizi, humpandisha kwenye mmea, humfanya aung'ate mshipa wa jani na kufa hapo hapo, kisha kuvu huchipua kutoka kichwani mwake.

Dhana: Sheria za gemu zenyewe zinakataza

Hii hutoka zaidi kwa wachezaji wa World of Warcraft, gemu ya kompyuta ya mtandaoni, na wana ushahidi wa kuonyesha. Gemu hiyo ilitoka Novemba 2004 ikiwa na Forsaken, wafu walioponyoka kutoka kwa Lich King, mtawala wa jeshi la wafu, na kumfuata kiongozi wao Sylvanas Windrunner. Kwa miaka ishirini iliyofuata Forsaken hawakuwahi kufunguliwa mlango wa kuwa madruidi.

Sawa. Lakini tazama nani mwingine alifungiwa mlango huo katika miaka hiyo hiyo, kati ya jamii nyingine za gemu hiyo: orki, gnome, dwarf, goblin, blood elf. Wote hao wanapumua. Kama kunyimwa udruidi ni ushahidi kwamba mfu hafai, basi ni ushahidi pia kwamba orki hafai kwa kuwa ni wa kijani. Katika masimulizi ya Warcraft udruidi ulianza kwa mwalimu na mwanafunzi, Cenarius akimfundisha Malfurion Stormrage, na ukabaki mali ya jamii chache zilizourithi au kuugundua kwa njia zao. Katazo linahusu nani alifundishwa na nani, pamoja na haja ya watengenezaji kuipa kila jamii ladha yake. Kuhusu maiti halisemi kitu.

Ndani ya gemu hiyo hiyo kuna mambo yanayoipinga hoja hiyo. Tangu mwaka 2010 Forsaken wanaweza kuwa wawindaji, na mwindaji anamfuga dubu aliye hai na kutembea naye. Kabla ya hapo, tangu siku ya kwanza, walikuwa na makuhani wanaotumia Nuru, nguvu inayowaunguza wao wenyewe kila wanapoiita, na hakuna aliyesema makuhani hao hawaaminiki. Kisha mwaka 2020 ikaja Ardenweald, msitu uliomo ndani ya ulimwengu wa wafu, ambako roho za asili zilizokufa hulala zikisubiri kuzaliwa upya. Sijui ni ramani gani nyingine mtu anaitaka.

Kwenye gemu za mezani hali ni nyepesi zaidi. Kitabu cha Van Richten's Guide to Ravenloft cha mwaka 2021 kinamruhusu mchezaji kuwa mtu aliyekufa na kurudi, asiyehitaji chakula, usingizi wala pumzi, na hakuna mstari hata mmoja unaomkataza kuchagua udruidi. Mwaka uliofuata Pathfinder, gemu nyingine ya mezani, ilitoa Book of the Dead, na sasa mchezaji anaweza kuanza akiwa kiunzi cha mifupa tangu leveli ya kwanza. Sheria ziliacha kuwa kizuizi siku nyingi.

Dhana: Zombi ni zombi, hana akili ya kuomba mvua

Hapa nakubali nusu. Zombi wa kawaida wa Dungeons & Dragons ana alama 3 za akili na 6 za busara, na uchawi wa druidi unategemea busara. Huyo hawezi, na sababu si kufa kwake ila kichwa chake kitupu. Wasomaji wa Tanzania wanamjua jamaa yake: msukule wa masimulizi yetu anaamshwa usiku kulima shamba la aliyemchukua, jembe analo, lakini mazao hayamsikilizi. Nguvu zote ni za bwana wake.

Mzimu ni mtu tofauti kabisa. Anakumbuka, anaudhika, anaombwa. Mchezaji anayetaka mfu mwenye uchawi wa asili achague mapema yuko upande upi, maana ubishi mwingi mezani unatokea pale mmoja anapomwona msukule na mwenzake anamwona mzimu.

Dhana: Ni wazo jipya la watu wa intaneti

Wamisri wa kale wangecheka. Osiris aliuawa na ndugu yake Seth, mkewe Isis akamrudisha, akawa mfalme wa wafu. Anachorwa amefungwa sanda kama mumia, ngozi ya kijani, na ndiye aliyehusishwa na nafaka inayochipua na mafuriko ya mto Nile. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kulikuwa na fremu ya mbao yenye umbo la Osiris, imejazwa udongo wa mtoni na kuoteshwa shayiri. Mfu anayeotesha nafaka kutoka mwilini mwake: ukimpeleka leo kwa msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia na kuamua sheria mezani, atakwambia umezidisha.

Madruidi halisi, makuhani wa kale wa Gaul (Ufaransa ya leo), nao, kwa maelezo ya Julius Caesar, walifundisha kwamba roho haifi bali huhama baada ya kifo. Na katika pwani ya Kenya, makaya ya Wamijikenda, yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni misitu yenye makaburi ya wazee ndani yake. Heshima kwa waliolala humo ni sehemu ya miiko iliyoikinga miti na shoka. Wafu kuwa walinzi wa msitu si jambo la kuelezwa kwa mtu wa Kilifi.

Hata vampaya, ambaye hakuna anayemwita druidi, amekuwa akicheza uwanja huu tangu riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897: Dracula anaita ukungu na dhoruba, anaamuru mbwa mwitu, popo na panya. Tofauti ni kwamba vampaya anaamuru. Druidi anaomba, na anaweza kukataliwa. Mhusika ambaye mvua haijawahi kumkatalia ni vampaya aliyebadilisha nguo.

Dhana: Mfu ameoza, kwa hiyo asili itamkataa

Tumefika kwenye hoja yenye uzito, ila imesemwa kinyume. Kuoza ndiko anakotakiwa kufanya. Kosa la mfu anayetembea, kwa macho ya msitu, ni kwamba haozi, au anaoza pole pole mno. Kila kilo ya mwili wake ilikuwa na mahali pa kwenda: kwenye kuvu, kwenye funza, kwenye mizizi ya mti fulani. Ameishikilia. Ni mdaiwa anayezunguka na mali ya watu.

Hii ndiyo sababu lichi, mchawi aliyejifanya mfu kwa makusudi ili asifike mwisho, ni mgumu kuaminika kama druidi kuliko zombi anayemwaga uyoga njiani. Na bado ipo mifano inayojaribu. Jarad vod Savo, wa karata za Magic: The Gathering, alirudi mwaka 2012 kama lichi huku akiongoza Golgari, chama cha Ravnica kinacholima juu ya uozo wa jiji. Anakubalika kwa sababu jamii yake nzima inaendeshwa kwa kurudisha: kinachokufa kinalisha kinachoota, na wafu wao wanatumwa kazini hadi wamalizike. Mwondoe Golgari umweke peke yake mnarani na vitabu, na anabaki mchawi wa kawaida mwenye kucha ndefu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mchezaji liwe hili: msitu unapata nini kutoka kwako? Huenda anabeba mbegu kifuani na kila uchawi anaotumia unaotesha moja, hadi siku mizizi itakapomfunga miguu. Huenda ana miadi: akishakomesha kilichouharibu mto, atalala chini kwa hiari. Deni likiwa wazi, kila anapoita mvua tunajua anaongeza nini kwenye hesabu, na hapo mhusika ana kazi ya kufanya hata siku ambayo dadu zinamgomea.

Kuna njia ya tatu, na mimi naipenda kuliko hizo mbili. Wakati mwingine asili yenyewe inakataa kuozesha. Kwenye vinamasi vya mboji vya Ulaya kaskazini, baridi, asidi na ukosefu wa oksijeni vimehifadhi miili ya watu kwa karne nyingi, hasa ngozi na nywele, huku asidi ikiidhoofisha au kuiyeyusha mifupa. Tollund Man aliyepatikana Denmark mwaka 1950 bado ana makunyanzi usoni. Lindow Man alitolewa kinamasini Uingereza mwaka 1984. Mhusika aliyeamshwa na kinamasi hahitaji kujitetea mbele ya druidi yeyote: hakumwibia mtu kifo chake, kinamasi ndicho kilichomweka. Swali linahamia kwa kinamasi, kinamtaka wa nini.

Dhana: Wanyama wote watamkimbia

Swala, ndiyo. Fisi, tumbusi na nzi watamfuata. Mpe hao.

Dhana: Akishakubaliwa, ni druidi kama wengine

Hapana, na hapa msimamizi asilegeze. Katika toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014, uchawi wa kawaida wa kuponya majeraha kwa kugusa haufanyi kazi kabisa kwa mfu. Yule aliyerudi wa kitabu cha Ravenloft anaponea chupuchupu kwa kuwa sheria bado zinamhesabu kuwa binadamu. Matunda ya uchawi, yale yanayorudisha pointi moja moja, hayana katazo hilo, na nimewahi kuona nusu saa ya kikao ikipotea kwa ubishi wa kama kiunzi cha mifupa kinaweza kumeza tunda.

Pathfinder ni kali zaidi: uponyaji anaoubeba druidi unamuumiza mfu badala ya kumponya, na ule unaomfaa mfu haumo kwenye orodha yake ya uchawi. Maana yake atawaponya wenzake wote vitani na hataweza kujiponya mwenyewe. Wachezaji wengine huomba sheria hiyo ifutwe kwa kuwa inawaonea. Mimi ningeiacha kama ilivyo, na ningehakikisha kuhani wa kundi anajua mapema, kabla ya kuchagua uchawi wake, nani atakayekuwa anamtegemea.