Sevu Ikienda Kombo, Usiulaumu Mkono Unaopiga

"Tia nguvu!" Kelele hiyo husikika karibu kila kiwanja cha voliboli sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, inaponasa wavuni. Mara nyingi mkosaji si mkono uliopiga. Ni ule mwingine, uliorusha mpira.

Mpira ukirushwa nyuma ya kichwa, kiganja huukuta kwa chini, nao hupaa hadi nje. Ukitupwa mbele mno, unaufuata umeinama na kuupeleka wavuni. Jipime hivi: simama kama unayetaka kusevu, rusha, kisha usipige, uache udondoke. Uanguke mbele kidogo ya bega la mkono unaopigia. Mara kumi, mahali pale pale. Kama leo unaangukia kushoto, kesho nyuma, hata uwe na misuli ya mbeba mizigo haikusaidii. Wala usiharakishe, maana filimbi ikilia una sekunde 8. Ila ukishaurusha hakuna kurudia. Mpira ukianguka bila kuupiga, pointi ni ya wapinzani.

Wengine huamini sevu kali ni ile inayolenga kona. Upande mmoja wa kiwanja ni mita 9 kwa 9, na mstari haudaki mpira. Ukikosea sentimita chache umewapa pointi ya bure. Mimi hulenga katikati ya wapokeaji wawili. Hapo ndipo utasikia "Wako!" "Wako!", kisha mpira unatua kati yao wakitazamana. Seta wao, yule anayewapangia wenzake mpira wa kushambulia, akiwa namba 1, kona ya nyuma kulia kwao, peleka mpira huko huko: anakimbilia wavuni, mpokeaji anakuja kuupokea, wanapishana njiani.

Kuna pia wanaodhani sevu inayoyumba hewani ni bahati tu. Inafundishika. Mpira wa gramu 260 hadi 280 ni mwepesi. Ukienda bila kuzunguka, hewa huusukuma huku na huko. Kaza kifundo cha mkono, gonga katikati ya mpira kwa kiganja kigumu, kisha usimamishe mkono pale pale. Ukiusindikiza, unazunguka, na mpokeaji anausoma mapema.

Na ile sevu inayogusa wavu? Zamani ilikuwa kosa kweli. Siku hizi mpira ukigusa wavu ukavuka, mchezo unaendelea, kwa hiyo anayesimama kungoja filimbi hukuta mpira umeshatua miguuni pake.