Mteja wangu wa Osaka alinyamaza, mi nikaharibu

Kikao changu cha kwanza cha ukocha wa biashara na meneja mmoja wa Osaka, Japani, nilikiharibu ndani ya dakika kumi tu. Nilimuuliza lile swali letu makocha la kila siku, "wewe mwenyewe unataka nini?", akanyamaza. Nikavumilia sekunde tano, sita, nikaona huyu swali halijamwingia, nikamtupia lingine, na lingine tena, yeye anaitikia tu "hai, hai" na mimi moyoni najisifu kwamba mambo yanakwenda. Wiki mbili baadae mkalimani akaniambia kiupole sana, kocha, siku ile ulikuwa unamkatiza, mwenzio alikuwa anafikiri. Na ile "hai" wala sio "ndiyo nimekubali", mara nyingi ni "nakusikia, endelea", kama mtu anavyokuitikia "ehee" huku hajakubaliana na wewe hata kidogo.

Hii kazi ukiivusha bahari inabadilika. (Na kwetu ukisema we ni kocha watu wanauliza wa Simba au wa Yanga? Usione aibu, Wachina nao neno wanalotumia, jiaolian, ndo hilo hilo la mwalimu wa mpira na wa kuendesha gari.) Ukocha wa biashara tunaoujua umekulia Marekani na Uingereza, chama kikubwa cha makocha, ICF, kilianzia Marekani 1995, na nyuma yake kuna imani mbili: majibu anayo mteja mwenyewe, na kocha na mteja wako sawa sawa. Zote mbili zikifika Asia zinapata tabu.

Japani waliupokea mapema, kampuni ya Coach 21 ilianza 1997. Ila kilichousambaza kwenye ofisi za kawaida naona ni kitu kingine kabisa. Mfumo wa zamani ulikuwa kijana anaajiriwa akitoka chuo, anapanda cheo kwa kadri umri unavyosogea, senpai wake, yaani aliyemtangulia kazini, anamfundisha kazi, na ya moyoni wanaambizana usiku kwenye glasi, maana ofisini kuna honne, yaani unachokiamini ndani, na tatemae, unachokisema mbele za watu. Sasa vijana wa siku hizi wanahama kazi, wengi hawana hamu ya kwenda kunywa na bosi, alafu Juni 2020 ikaanza sheria ya kuzuia bosi kunyanyasa watu kwa cheo chake, wenyewe wanaita pawahara, kwanza kwa kampuni kubwa na Aprili 2022 ikafika hadi kwa zile ndogo. Bosi aliyezoea kufoka afanye nini? Hapo ndo kile kikao cha watu wawili, meneja na mtu wake, wanaandika 1on1, kikapata soko, Yahoo Japan walikuwa wameshakianza tangu 2012. Kwa hiyo kule ukocha umeingia sana kupitia bosi mwenyewe kufundishwa kusikiliza, sio kocha wa kukodi kama mimi. Shida yake ni kwamba wengine wanakigeuza kuwa kikao cha kutoa ripoti, bosi anauliza kazi imefika wapi, nusu saa imeisha, kwaheri.

Korea nako lugha yenyewe ina ngazi, huwezi kufungua mdomo kabla hujajua nani mkubwa hapa. Kampuni ya CJ tangu 2000 ilifuta kuitana kwa vyeo, kila mtu ni jina na "nim", neno la heshima, mwisho, na kocha anaitwa kochi-nim. Inasaidia, lakini kocha wa miaka 35 mbele ya mkurugenzi wa 58, aisee, hiyo nim peke yake haitoshi.

Thailand ndo iliyonifundisha zaidi. Wana neno kreng jai, ile hali ya kuchelea kumsumbua au kumkwaza mtu, hasa aliyekuzidi, na sisi tuliolelewa na shikamoo tunaielewa bila mkalimani. Ufilipino wana "hiya", aibu ya mbele za watu, nilivyoisikia mara ya kwanza nikacheka, nikasema hii si ndo haya yetu. Mteja mwenye kreng jai atakubali kila lengo unalompa, atatabasamu, na hatafanya hata moja. Nilichogundua ni kwamba usimuulize yeye anaonaje, muulize watu wa timu yake wangesema nini, au mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake atahangaika na nini, hapo anafunguka kabisa kwa sababu sio yeye anayelalamika. Na kamwe usimuulize swali gumu mbele ya walio chini yake, hili na China hivo hivo, ukimvunjia mtu uso wake, yaani heshima yake mbele za watu, hapo kazi imeisha.

India ni kinyume, kuongea wanaongea mpaka unatafuta pa kuingilia, ila wanataka jibu. Mwalimu kwao ni guru, mjuzi wa kukupa jibu, umelipwa hela, alafu unanirudishia swali? Wenzangu wengi wanasema kutoa ushauri ni kuusaliti ukocha. Mimi sikubaliani nao, namwambia mteja ningefanya nini, kwa dakika mbili, alafu ndo namuuliza kwenye ushauri huo nini kwake hakitafanya kazi, na hapo ndo majibu yake mwenyewe yanatoka, tena kwa fujo.

Yule wa Osaka tuliendelea. Kikao cha nne nikamuuliza lile lile, unataka nini, nikajing'ata ulimi. Ikapita karibu dakika nzima, nasikia feni ya kompyuta tu. Akasema anataka bosi wake, anayestaafu baada ya miezi minane, aondoke kwa heshima bila kugundua kwamba mradi wake wa mwisho umeshakufa. Tukaanzia hapo.